Mama, Umeniita?

Mimi niliitwa Sista kabla sijaota meno. Mama alikuwa amepoteza mimba tatu mfululizo. Ya nne, yaani mimi, akiwa amelazwa hospitali ya Mbesa kule Tunduru, akamwambia Mungu: nipe huyu, nami nitakurudishia. Mungu akatoa. Wa kurudishwa ni mimi, na hakuna aliyeniuliza.

Tulihamia Lizaboni, Songea mjini, nikiwa bado mchanga, na jina likahama nasi. Kila alfajiri mama aliita kutoka uani, "Wee Sista, amka, misa!" Nikienda gengeni Mfaranyaki, mama muuza nyanya aliniachia nichague mwenyewe, eti mtawa haibi. Vijana wa bodaboda waliwatania wenzangu weee, mpaka wenzangu wanacheka na kujifunika kanga. Nikipita mimi, wananyamaza, wanasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Na nimevaa gauni jipya! Nilijibu "milele amina" huku nimekasirika nataka kulia.

Nilipomaliza kidato cha nne jumuiya yetu ya kanisani ikaninunulia sanduku, mashuka meupe na ndoo. Sanduku likawekwa sebuleni, kila mgeni analipapasa. Jumatatu ningepelekwa kwa masista. Sikutaka. Mkiniuliza nilitaka nini, sijui, hata leo nisingeweza kuwajibu vizuri. Nilijua tu kwamba sikutaka, na kwamba nikilisema hilo mama angekufa kwa aibu. Maji yalikuwa shingoni jamani, na watu wananipongeza.

Jumamosi ya mwisho jumuiya ilisali kwetu. Mwenyekiti, mzee mmoja mpole, alichagua somo la yule mtoto aliyelala hekaluni akasikia anaitwa na Mungu, akadhani ni kuhani mzee. Kwa makusudi kabisa! Kawaida yetu, somo likishasomwa, kila mtu anatamka maneno yaliyomgusa, kisha anaeleza maana yake. Mama akaanza: mtumishi wako anasikiliza. Jirani naye: mtumishi wako anasikiliza. Wakazunguka mkeka mzima hivyo hivyo, na kila mmoja akisema ananitazama mimi, utafikiri mtumishi ameketi pale na soksi zake.

"Haya, Sista wetu," mwenyekiti akasema. "Neno lipi limekugusa?"

Nilikuwa nimeshayaandaa yale yale ya wenzangu. Nikafungua mdomo, yakatoka mengine.

"Sikukuita. Rudi ukalale."

Wakatazamana. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba hayo ni maneno ya kuhani mzee, siyo ya mtoto. Nikamwambia ndiyo, najua. Yule mzee macho yalikuwa yamefifia, alihitaji mtu wa kumshika mkono. Mtoto kamjia mbio gizani, kasema umeniita, nimekuja. Angeweza kuitikia tu, eeh, nimekuita, kaa hapa. Hakuitikia. Alikubali kwamba sauti haikuwa yake. "Mimi," nikasema, "kila nikiitwa, nikiamka namkuta mama."

Kisha mwenyekiti, Mungu ambariki, akaanzisha wimbo. Waliimba haraka haraka, wakanywa chai, wakaondoka maandazi yamebaki nusu sinia.

"Umenivua nguo mbele za watu," mama akasema akikusanya vikombe. Hakusema lingine siku ile wala Jumapili. Sanduku lilikaa pale pale. Nilikuwa na hofu kuliko niliyowahi kuwa nayo, maana nilikuwa nimeshasema na bado hakuna kilichobadilika.

Jumatatu niliamka kabla ya kuitwa. Nikamsikia mama uani anapuliza mkaa. Kengele ya kanisa ikalia, ikanyamaza, na mama hakuniita. Baridi ya Songea mnaijua. Nikajifunga kanga mabegani nikatoka.

"Shikamoo, mama. Umeniita?"

"Marahaba." Hakugeuka. Alipuliza tena, majivu yakaruka, akajifuta macho kwa kiganja. Nilidhani ni moshi, mpaka nikaona moto haujashika na moshi wenyewe hakuna.

"Sijakuita," akasema. "Rudi ukalale, mwanangu."

Mwanangu. Tangu anizae, hakuwahi kuniita hivyo.