Aliyeiba Marejesho ya Ulysse Babin

Ulysse Babin hajawahi kulipia kitu bila kwanza kumwambia muuzaji kwamba anamwibia. Amekuwa jirani yangu tangu tukiwa watoto, anaendesha lori la kinu cha mpunga, na katika mji wetu huu mdogo wa kusini mwa Louisiana hakuna mwenye mkono wa birika kama yeye. Akinunua kahawa huuliza kama kikombe nacho kimelipiwa. Mkewe Earline, mwanamke mpole aliyestahili mume bora zaidi, alishazoea kusimama nyuma yake dukani akijifanya anasoma bei za sabuni.

Msimu wa marejesho ya kodi ukifika, Ulysse huota mapembe. Kusema kweli, sote huku huwa matajiri kwa muda mfupi serikali inapoturudishia kile ilichotukata kupita kiasi. Watu wanatengeneza meno, wananunua friji, wanawatoa binamu zao mahabusu. Ulysse mwaka huu alitaka injini mpya ya mashua yake, na alikuwa ameshamtangazia kila mtu ukubwa wake.

Vernell, mama anayewajazia watu hesabu zao za kodi, ana ofisi kwenye duka la zamani la maandazi kando ya barabara kuu. Nje humsimamisha kijana aliyevaa vazi la mamba, anacheza huku ameshika kibao: USILIPE KITU LEO. Kibao hicho ndicho kilichomvuta Ulysse. Alikuwa amesahau miwani nyumbani, kwa hiyo akaenda na shemeji yake Felton, mdogo wake Earline, ili amsomee.

Huyu Felton alitoka gerezani mwaka juzi. Alifungwa kwa kughushi hundi za tajiri wake, na hajawahi kukana. Tangu arudi anakaa kwenye trela lililofanywa nyumba, nyuma ya nyumba ya dada yake, hanywi, hagombani na mtu. Kila Ijumaa ya Kwaresima wanaume wa parokia hukaanga kambare kwenye ukumbi wa kanisa na kuwauzia watu, na mwaka huu walimkabidhi Felton kasha la pesa. Tangu atoke kifungoni, hakuna aliyekuwa amemkabidhi kitu. Ijumaa ya kwanza nilimwona akihesabu chenji ya watu mara mbili mbili, na nilitaka kumkumbatia.

Kilichotokea kwa Vernell alinisimulia Vernell mwenyewe.

"Kazi yangu unalipa taslimu sasa," Vernell alimuuliza Ulysse, "au nikate kwenye marejesho yakija?"

"Kata huko huko. Mfukoni mwangu usiguse."

"Sawa, ila yatapitia kwanza benki ya katikati. Wao wanakata changu, wanakata na chao, halafu—"

"Mama, nimeshasema kata! Nisaini wapi?"

"Shemeji, hebu msikilize kwanza," Felton akasema. "Ukilipa sasa ni nafuu."

"Wewe soma namba, bwana. Ushauri wa pesa kutoka kwako mimi wa nini?"

Felton akasoma namba ya akaunti kutoka kwenye kitabu cha hundi cha Ulysse, Vernell akaandika, Ulysse akasaini bila kuona hata herufi moja. Alipotoka akamkuta mlangoni mzee mmoja akihesabu noti za kulipia, akamcheka mpaka nje.

Tangu siku hiyo simu haikumtoka mkononi. Serikali ina ukurasa wa kufuatilia marejesho, na Ulysse aliufungua mezani, kitandani, hata kwenye misa wakati sisi wengine tumepiga magoti. Yamepokelewa. Yamekubaliwa. Kisha Jumatano moja: yametumwa. Akakimbilia benki yake, hamna kitu. Alhamisi, hamna kitu. Ijumaa akaenda na miwani na nakala ya fomu aliyopewa na Vernell, akamsukumia binti wa dirishani.

Binti akaitazama. "Mzee Babin, akaunti hii siyo yako. Wala siyo ya benki yetu."

Mtu mwingine yeyote angempigia Vernell simu. Ulysse alimkumbuka aliyesoma namba.

Jioni ile ukumbi ulikuwa umejaa. Mimi nilikuwa nagawa saladi ya kabeji, Felton yuko mezani mlangoni na kasha lake. Ulysse akaingia na ile karatasi, akawapita watu wote kwenye foleni.

"Felton! Pesa zangu umezipeleka wapi?"

"Pesa gani, shemeji?"

"Usinifanye mtoto! Namba uliyosoma siyo yangu. Umezipeleka kwenye akaunti yako, mwizi wewe! Nimekupa pa kulala, unaniibia mchana kweupe!"

"Shemeji, nilisoma iliyoandikwa. Kamuulize Vernell."

"Nimuulize wa nini? Kwani aliyefungwa ni Vernell?"

Foleni nzima ikamgeukia Felton. Padri akaja, akamwinamia Felton, akamwambia kwa upole, "Kasha nipe mimi kwa leo, mwanangu. Mpaka jambo hili litulie." Felton akampa na ufunguo wake. Akaenda jikoni, akafunga aproni, akaanza kugeuza samaki. Earline alikuwa analia waziwazi. Mimi nilipandwa na hasira, nikakitupa kijiko kwenye bakuli.

Jumatatu Earline akamburuta mumewe mpaka kwa Vernell. Niliwaendesha mimi, kwa sababu Earline alisema akikaa kwenye gari peke yake na mume wake hatawajibika kwa litakalotokea. Vernell alikuwa anakula chakula chake cha mchana na hakuona sababu ya kuacha.

"Hiyo akaunti ni ya benki ya katikati," alisema. "Wameifungua kwa jina lako kwa safari hii moja. Serikali inatuma pale, wao wanakata, kinachobaki kinaendelea kwenye namba aliyokusomea shemeji yako. Hii hapa, aliisoma sawasawa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia, ukaniambia kata."

"Sasa nani kaniibia?"

Vernell akajifuta midomo. "Bwana Babin, msimu huu nimeshaletewa hapa mama wakwe, nimeletewa wake za watu, nimeletewa hata shemasi. Wote eti waliiba marejesho, na kila mara pesa zilikuwa benki ya katikati. Mnapenda sana kutolipa kitu, hamtaki kujua pesa zinapita wapi. Nenda nyumbani. Zitaingia kesho."

Ziliingia kesho yake kweli, zimepungua makato ya watu wawili, na makato hayo yalizidi kile ambacho yule mzee wa mlangoni alilipa taslimu. Ulysse alinung'unikia makato hayo siku nzima. La Felton hakuligusa, mpaka Earline alipoweka masharti mezani pamoja na chakula.

"Ulimtukana mbele ya watu, utamsafisha mbele ya watu. La sivyo utakula hiyo injini yako."

Kwanza alijaribu njia ya mkato. Alimfuata Felton nyuma ya trela, akampelekea buti mpya, akasema yale yalikuwa maneno tu ya hasira, wanaume hawawekeani vinyongo.

"Buti ninazo, shemeji," Felton alimjibu. "Sema ukweli Ijumaa. Nataka nirudishiwe kasha langu, basi."

Ijumaa ikafika. Padri mwenyewe alikuwa amelishika kasha, yuko tayari kulirudisha, Earline alishamdokeza kwamba mumewe ana la kutangaza. Felton alisimama mlango wa jikoni, amechana nywele. Ulysse akachukua kipaza sauti cha kutangazia bahati nasibu ya kanisa, akapanda kwenye kiti. Nilimwona akilitafuta neno "nilikosea" kinywani mwake na kulikosa, maana halijawahi kukaa humo.

"Jamani," akasema, "mnakumbuka wiki iliyopita palikuwa na suala la pesa zangu. Basi, nawatangazia kwamba pesa zimerudi!" Watu wakapiga makofi. Makofi yakamlevya. "Zimerudi karibu zote, ukiacha kidogo kilichokatwa njiani. Mimi na shemeji yangu tumeyamaliza kifamilia. Sina kinyongo naye. Nimemsamehe!"

Makofi yakazidi. Wengine wakasimama. Earline akajifunika uso. Bibi Azelie, mwanamke mwema kuliko wote parokiani, akajikongoja na mkongojo wake mpaka mlango wa jikoni, akamshika Felton mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Umefanya vizuri kurudisha, mwanangu," akamwambia. "Na hicho kidogo ulichokwisha kutumia, Mungu naye atakusamehe."

Felton akamtazama bibi, akatazama kasha mikononi mwa padri. Padri akalisogeza karibu na kifua chake. Sidhani kama alijua amefanya hivyo.

"Asante, Bibi," Felton akasema. Akafungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza, akatoka kwa mlango wa nyuma. Earline akamfuata mbio.

Ulysse alishuka kitini akipeana mikono na watu, akaja kwenye meza yangu na sahani yake, jasho linamtoka, uso umemnawiri.

"Umeona?" akaniambia. "Umeona nilivyomsafisha?"

Bakuli lilikuwa limejaa mbele yangu. Nikamwambia kabeji imekwisha.