Mkwaruzo wa Namba Thelathini na Moja

Wivu wa fundi rangi haukuanzia kwenye magari. Ulianzia ukweni, kwenye kiti cha mikono kilichokaa chini ya dirisha. Miaka tisa alikikalia yeye kila Jumapili, mpaka mdogo wa mkewe alipoolewa na kijana mmoja mwenye ulimi wa asali, na mama mkwe, bila kumung'unya maneno, akamwambia, "Baba, mpishe mwenzio akae, mgeni huyo." Mgeni gani asiyeisha ugeni? Mwaka wa tatu huu, na kiti bado ni chake.

Mwanyumba ndivyo walivyoitana, kama waitanavyo wanaume waliooa ndugu wawili. Na kilichomkereketa fundi zaidi ni kwamba kazi pale kwenye duka la magari ya kifahari alimtafutia yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa kumbembeleza bosi. Leo mwanyumba anavaa suti na kuwafungulia matajiri milango, yeye bado yuko nyuma kwenye kibanda cha rangi, kucha zake zina rangi saba.

Wiki ile kulikuwa na magari mawili ukumbini, ubavu kwa ubavu. Kiwanda kimoja, umbo moja, injini ileile, mwaka uleule. La kushoto lilikuwa la kawaida, wenzake ni maelfu, na tangu litoke kiwandani lilikuwa limepoteza karibu nusu ya bei. La kulia, ya aina yake yalitengenezwa sabini tu, dunia nzima, na ndani yake kulikuwa na kibao kidogo chenye namba thelathini na moja. Hilo bei ilikuwa imepanda maradufu, na halikufanya lolote la maana zaidi ya kulala chini ya turubai. Fundi aliyatazama akajiona yeye na mwanyumba. Wameoa nyumba moja, wana mikono miwili kila mmoja, sasa huyu kapandia wapi?

La kawaida alipewa yeye, alipige rangi upya lipate mtu wa kulichukua. La namba alikabidhiwa mwanyumba.

Alhamisi mchana, bosi akiwa safarini, mwanyumba aliingia kibandani mbio, tai imepinda, jasho linamtiririka.

"Mwanyumba, nimekwisha! Nimelitoa nje nilipige picha, nikaliparuza kwenye nguzo ya geti."

Fundi alikwenda akachuchumaa. Mkwaruzo wa urefu wa kidole, juu ya gurudumu la nyuma. Haukuwa umefika hata kwenye bati.

"Lile lingine umelipiga rangi, likawa jipya na bei ikapanda," mwanyumba alisema. "Nipigie na hili, kaka yangu. Mnunuzi anakuja Jumamosi."

Sasa hapo kulikuwa na maneno machache tu ya kusema, na fundi aliyajua vizuri: usiliguse, liache hivyohivyo, mwambie bosi. Gari la kawaida rangi mpya hulipandisha, lakini wanunuzi wa magari ya namba wanataka rangi ya kiwandani, hata ikiwa na mkwaruzo. Wanakuja na kidude cha kupimia unene wake. Mkwaruzo ungepunguza bei kidogo. Rangi mpya ingepunguza pakubwa. Maneno yalimfika kooni, akakikumbuka kile kiti, akayameza.

"Lilete ndani," alisema.

Akapiga msasa, akachanganya rangi, akapuliza, akang'arisha. Hajawahi kupaka vizuri vile maishani mwake. Mwanyumba alimkumbatia na suti yake, rangi ikamchafua, wala hakujali.

Jumamosi mnunuzi alikuja na kidude chake. Mlangoni kikasoma mia na ishirini. Kwenye boneti, mia na ishirini. Juu ya gurudumu la nyuma, mia mbili na themanini. Akakirudisha mfukoni, akasema kwa bei ile watafute mnunuzi mwingine, akaondoka. Bosi aliita wote ukumbini.

"Nani amegusa rangi ya gari hili?"

Fundi aliificha mikono yake mifukoni. Mwanyumba akasogea mbele.

"Mimi ndiye niliyeliparuza, bosi, nikamlazimisha fundi. Yeye alinikataza. Aliniambia usiliguse, liache hivyohivyo, mwambie bosi. Mimi ndiye niliyekuwa mbishi."

Hakuna mtu aliyemwambia maneno hayo. Aliyatunga palepale ili mwenzake asifukuzwe, na yakawa yaleyale, neno kwa neno, yaliyomezwa Alhamisi. Bosi akamvua suti mwanyumba, akampeleka kuosha magari. Fundi aliambiwa arudi kibandani kwake.

Jumapili ukweni, mwanyumba alisimama pembeni ya kiti cha mikono.

"Kaa wewe, mwanyumba. Wewe ndiye fundi, mimi nimekuharibia kazi."

Fundi akakaa. Alikuwa amekingoja miaka mitatu. Mwanyumba akavuta stuli karibu na mlango, akaanza kusimulia alivyojimwagia ndoo ya sabuni jana yake jioni, alipoanza kuosha magari. Mama mkwe akacheka mpaka akajifuta machozi, akageuza kiti chake kuelekea mlangoni. Shemeji, mke wa mwanyumba, akageuza chake. Mwisho hata mke wa fundi aligeuka, akampa mumewe mgongo. Fundi akabaki chini ya dirisha, ameshika mikono yote miwili ya kiti, akiitazama ile stuli kwa wivu.