Ukikufa, Unapeana Padi

Haya si ya kuambiwa. Yalinipata mimi, na mikono iliyoyapata ndiyo hii inayoandika polepole hivi. Ukitaka kubisha, bisha, lakini kwanza njoo mtaa wa Lucky Summer, hapa Nairobi, uione TV iliyo kibandani kwangu, ile ya zamani yenye mgongo. Imewaka. Tangu Jumapili ile sijathubutu kuizima.

Mimi shule niliachia darasa la tano, lakini kwa mambo ya padi usinifundishe. Padi ni ile unashika kwa mikono miwili ukicheza gemu. Nanunua zilizokufa kwenye soko la Gikomba, zimefungwa pamoja kama mafungu ya sukuma wiki, nazifufua. Siku hizi watu wazima wamerudia gemu za utotoni. Mtu ana TV bapa ukutani na kiboksi kidogo chenye gemu zote za zamani, lakini padi ya kisasa haimkai mkononi. Anataka ile ya pembe nne aliyoshika akiwa mdogo. Na hizo haziingiani hivi hivi. Padi ya zamani ina waya tano, na kila kiwanda kilipaka rangi zake. Nyekundu ya huyu ndiyo nyeupe ya yule. Nazipima mojamoja, naunga kwa adapta, nachomeka. Halafu mteja anarudi kwangu mimi mama wa watu analia: "Mathe, nabonyeza saa hii, mtu anaruka kesho!" Kosa si la padi. TV hizi mpya hufikiria kwanza kabla ya kukuonyesha kitu. Hiyo ndiyo imekuwa kazi yangu, kupigana na kuchelewa.

Sasa, usidhani ilikuwa usiku. Ilikuwa saa nane mchana, watu wametoka kanisani, na Mama Nduku wa maandazi ameketi mlangoni pangu kama kawaida yake. Akaingia kijana wa miaka kama ishirini, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni. Akaweka padi mezani. Waya wake ulikuwa umekatika, na haukukatwa kwa mkasi. Ulitafunwa.

"Niunganishie hii, mathe. Bado niko na laifu moja."

"Laifu kwa gemu gani?"

"Ya fundi wa rangi. Bado ni kobole?"

Nilicheka. Kobole ni shilingi tano, tuliita hivyo sisi tulipokuwa wasichana. Wanangu wakinisikia nikilisema wanaanguka chini kwa kicheko. Mtaani kwetu maneno huzeeka kabla ya viatu. Nikadhani labda amelelewa na babu mwenye mdomo.

Nikafungua skrubu. Niamini, ndani ya padi nimekuta mende, nimekuta hata jino la mtoto, sishtuki. Lakini chini ya kitufe cha kurukia cha padi hii palikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekatwa kama mwezi mchanga. Bisibisi ikanianguka. Kipande kile nilikikata mimi.

Ngoja nirudi nyuma ndio uelewe. Nikiwa na miaka kumi na minne tuliishi Kariobangi, na karibu na kwetu palikuwa na chumba cha gemu cha mtu anayeitwa Zakaria. Namtaja, kwa nini nisimtaje? Ukutani alikuwa ameandika kwa mkaa: UKIKUFA PEANA. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Unalipa kobole yako, unacheza mpaka laifu zako ziishe ufe, ukifa unampa anayefuata padi bila maneno. Hata wakora waliiheshimu. Lakini Zakaria hakupenda wanaokaa bila kufa, maana wanakula foleni. Akaona vidole vyangu vidogo. Waliniita Kadole. Akanipa kazi ya kufungua padi na kuweka vipande vya tyubu chini ya kitufe, kiwe kizito, mtu aruke akiwa amechelewa. Malipo yangu yalikuwa kucheza bure. Nilijua ni ubaya? Nilijua.

Wekesa hakufa hata na tyubu. Alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli, mpole, mwenye kucheka peke yake. Katika gemu ile fundi wa rangi anapanda ghorofa, na ndoo zinamdondokea kutoka juu. Siku hiyo Wekesa akampandisha mpaka mahali ambapo hakuna macho yaliyokuwa yamefika. Chumba kizima kilisahau kupumua. Zakaria akaona foleni imeganda, akaenda mwenyewe akazima meni swichi ya umeme.

"Stima imeenda! Umekufa, peana."

"Sijakufa," Wekesa akasema. "Sipeani." Akakibonyeza kile kitufe kwa kidole gumba, taratibu, kama daktari anayepapasa tumbo. "Na hii padi iko na kitu ndani. Naenda kuifungua mbele ya watu." Akautafuna waya ukakatika, akatoka na padi.

Zakaria akasimama mlangoni akapiga kelele: "Mwizi!"

Wewe unajua neno hilo hufanya nini kwetu. Hakuna aliyeuliza ameiba nini, watu waliokota mawe tu. Nami nilikuwa nimesimama pale, najua kila kitu. Kusema tu "si mwizi" kungetosha, maana watu walinijua. Nilinyamaza. Wekesa alizikwa kwao magharibi akiwa na padi mikononi, kwa sababu mamake alikataa mtu kuigusa.

Sasa niambie wewe, padi hiyo ilifikaje mezani kwangu? Nikainua macho. Uso ulikuwa uleule. Mimi nina mvi, nina meno mawili ya kubandika, na yeye hajaongeza hata siku.

"Kadole," akasema. "Toa hicho kitu."

Utaniuliza mbona sikukimbia. Miguu ilitaka. Lakini fundi ni fundi, na kando ya hofu palikuwa na swali linaniwasha: waya uliolala udongoni miaka yote hiyo, utapitisha stima kweli? Nikatoa tyubu. Nikauchuna waya. Ndani, zile tano zilikuwa zinang'aa kama zimetoka dukani jana. Nikazipima, nikaunga, nikachomeka kwenye kiboksi changu cha kujaribia. Gemu ile haimo kwenye kiboksi hicho, orodha naijua kwa kichwa. Lakini TV bapa ilipowaka, fundi wa rangi alikuwa amesimama palepale juu, laifu moja, anangoja.

Wekesa akabonyeza. Fundi akachelewa. Ndoo ikampitia kwenye sikio.

"Bado unanichezea."

"Haki ya Mungu si mimi! Ni TV. Hizi za kisasa zinafikiria kwanza."

"Miaka yote hii na bado mnasingizia stima."

Alisema akitabasamu, na tabasamu hilo ndilo lilinivunja. Maana angalia: safari hii sikuwa na hatia, na nani angeniamini? Akifa kwa kuchelewa kwa TV, atakuwa amefia mikononi mwangu mara ya pili. Nikamwambia asimamishe gemu. Nikabonyeza rimoti, nikatafuta ile sehemu ya kuharakisha picha. Ikapungua kidogo, haikuisha. Basi nikavuta kutoka chini ya meza ile TV ya mgongo ambayo nilikuwa nikiitumia kama kiti. Hizo hazifikirii. Unabonyeza, inafanya. Ilikuwa nzito, nikamwita Mama Nduku anisaidie kuibeba.

"Na wewe kijana unaangalia tu mama zako wakivunjika migongo?" Mama Nduku akamwambia. "Kwani mmelelewa na nani nyinyi?"

Kwa hivyo si mimi peke yangu niliyemwona. Muulize Mama Nduku, mpaka leo anamsema kwa kukosa adabu.

Nikachomeka waya wa njano, ule wa kupeleka picha. Wekesa akabonyeza, na fundi akaruka papo hapo. Ee ndugu yangu, ungeyaona macho yake! Akapanda. Ndoo zilishuka kama mvua ya mawe na hakuna hata moja iliyomgusa. Nilijikuta nimesimama, nimekunja ngumi, nashangilia kama wa miaka kumi na minne. Akafika juu kabisa. Fundi akapaka mstari mmoja wa rangi kwenye paa, ukasikika mlio mfupi. Halafu? Halafu fundi akarudi chini, ghorofa ya kwanza, ndoo zikaanza upya.

"Kumbe haina mwisho," Wekesa akasema.

Akacheka peke yake, vile alivyokuwa akicheka zamani. Kisha akaondoa kidole kwenye kitufe, akaacha ndoo ya kwanza impige fundi kichwani. Akaninyooshea padi.

"Nimekufa, Kadole. Shika."

Ningeweza kukataa. Lakini mara ya kwanza nilikuwa na neno moja la kusema nikalimeza, na ninajua lilivyo chungu; deni hilo lilikuwa langu. Nikaipokea kwa mikono miwili. Haikuwa baridi kama unavyofikiria. Ilikuwa na joto na jasho, kama padi yoyote inayotoka mkononi mwa mtu. Wekesa akatoka, akampita Mama Nduku bila salamu, akapotelea kwenye watu waliotoka kanisani.

Tangu siku hiyo vidole gumba vyangu havinitii. Nataka kushika kikombe, vinashika baada ya kikombe kuanguka. Kuchomea waya siwezi tena, najiunguza. Mimi mwenyewe nimekuwa ile TV bapa. Na kwenye skrini fundi wa rangi amesimama ghorofa ya kwanza, laifu moja. Stima ikipotea anapotea, ikirudi namkuta palepale. Sijabonyeza hata mara moja. Kwa vidole hivi ndoo ya kwanza tu itanimaliza, na nikifa, sheria ni sheria, lazima nimpe mtu.

Zakaria sasa anaishi mtaa wa Fedha, ana nyumba za kupangisha, na kanisani anaketi mbele. Nimeenda langoni kwake mara tatu kumwita aje kuchukua padi, askari ananiambia mzee hayupo, na gari lake naliona. Sawa. Nina subira. Zakaria, ukisomewa haya, ujue lile neno la mwizi ulilopayuka nimeshawaambia wapangaji wako lilikuwa uongo.

Na wewe msomaji, najua ulivyo. Ukipata padi kuukuu, fungua kwanza uone kilicho chini ya kitufe kabla hujaichomeka. Na ukipita Lucky Summer ukaona kibanda chenye TV ya mgongo inayowaka na mama ameketi mbele yake hachezi, usiingie ukasema "hebu nijaribu." Usininyooshee mkono. Mimi nimechoka, naweza kukupa. Zamu hiyo ina mwenyewe.