Zamu ya Kuku wa Banda la Pili

Mimi shule niliachia darasa la nane, na bado nimefanya utafiti wa university. Wenzangu waliofika fom foo wakisikia hivyo wanakasirika kidogo, ndio maana napenda kuwaambia.

Ilianza na lekchara mmoja, mama wa miwani na gambuti za mpira safi sana, alikuja kwetu Sosiot akitafuta mtu ako na kuku arobaini wa kutaga. Kogo, yaani nyanya yangu, alikuwa nao. Huyo lekchara alikuwa ametengeneza taa. Si ya kumulika njia, ni taa ya kuku. Alisema mwanga wake unafanya kuku afikirie siku haijaisha, na kuku akifikiria siku haijaisha anaendelea kutaga vizuri. Kwa miaka mingi taa ilikuwa imekaa kwa meza ya chuo, imeandikiwa karatasi nyingi, na kuku wa shamba hata mmoja hakuwa ameiona. Sasa serikali ilikuwa na mfuko wa kusaidia vitu kama hivyo vitoke kwa karatasi viingie dukani. Mfuko ulimpa pesa kidogo ya kujaribu. Jaribio likishika, wangempa ile kubwa ya kufungua karakana Kericho town atengeneze taa za kuuza.

"Na hiyo karakana itataka vijana wa mikono," akanambia. "Unajua kuunganisha waya?"

"Nimetengeneza redio ya kogo mara tatu."

Sikumwambia mara zote tatu ni mimi nilikuwa nimeiharibu.

Hapo roho yangu ikashika hiyo karakana ikakataa kuachilia. Wakati huo nilikuwa nachuna majani chai kwa shamba ya watu, na mashine za kuchuna zilikuwa zimeanza kutuangalia vibaya.

Nikamwambia kogo tumepata mgeni, ni daktari. Kogo akakaa kwa stuli, akavuta rinda, akatoa goti.

"Hii ya kushoto. Inauma wakati wa baridi."

"Kogo, ni daktari wa taa."

Akarudisha rinda polepole. "Taa nayo huumwa wapi?"

Mpango ulikuwa rahisi. Mabanda mawili, kuku ishirini kila moja, chakula sawa, maji sawa. Banda la kwanza lipate taa, la pili likae bila. Taa ilikuwa inakula jua mchana na jioni inajiwasha yenyewe. Kazi yangu ilikuwa asubuhi nihesabu mayai ya kila banda niandike kwa kitabu, na jioni nihakikishe taa iko mahali yake. Ya asubuhi nilifanya vizuri kabisa. Ya jioni nilikuwa naihakikisha nikiwa senta, huko kwa maduka, nikingoja zamu yangu ya mchezo wa pool.

Wiki ya kwanza mayai ya banda la kwanza yakapanda. Nikafurahi kama ni mimi nimetaga. Halafu ya banda la pili nayo yakaanza kupanda, pole pole, mpaka yakawa sawa na yale mengine. Nikafikiria labda kuku huwa wanaambiana.

Siku moja, Jumanne, lekchara akapiga simu. Ijumaa watu wa mfuko wanakuja kujionea, halafu ndio waamue. Jioni hiyo hiyo stima ikapotea senta, pool ikaisha, nikarudi nyumbani jua likizama. Nikakuta kogo kwa njia ya mabanda. Mkono mmoja ndoo ya maziwa, mwingine taa ya serikali. Alikuwa ameing'oa ukutani, akaifungia mpira wa tyubu ya baiskeli, akatengeneza mkono wa kushikia.

"Kogo, unapeleka wapi hiyo?"

"Kwa hawa. Leo ni zamu yao."

"Zamu gani?"

"Weri," akasema, na kogo akikuita weri, yaani kijana, na hiyo sauti, ujue uko na makosa. "Wewe ukae gizani na ndugu yako ako na taa hapo karibu, utajisikia aje?"

"Umeanza lini?"

"Wiki ya pili. Jumatatu huku, Jumanne kule, naenda nikibadilisha. Jumapili ni yangu, nasomea nyimbo za kanisa."

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia kazi ya banda la pili ni kukaa bila taa, ndio daktari aone tofauti, na tofauti ikikosa, karakana hakuna.

Kogo akasikiza yote. "Na wao walikubali?"

"Nani?"

"Hawa kuku."



Jumatano asubuhi nikakaa na kitabu. Nikaona njia ilikuwa moja, na ilikuwa tamu: nipunguze mayai ya banda la pili kabla sijaandika. Siku hiyo nikakula sita. Alhamisi nikakula saba, na ya mwisho haikutaka kushuka. Nikaandika yale yalibaki. Kogo akanipita kwa jikoni, akasimama, akaniangalia tumbo.

"Weri, kuna kuku anatagia ndani yako?"

Ijumaa wakafika: lekchara, ofisa mmoja mzee wa suti ya kijivu, na dada mmoja mchanga wa kuandika kwa tablet. Ofisa akashika kitabu changu, akapitisha kidole. Akafika mwisho, akasimama hapo.

"Banda la pili limeanguka juzi. Ghafla hivi. Kuku wako wagonjwa?"

Nikasema labda ni baridi.

"Hapana. Mimi nimelelewa na kuku Sigowet. Wakianguka hivi ni ugonjwa. Itabidi tuite vetinari, na kama ni ule mbaya, wote wachinjwe."

Kogo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya mgeni. Akaweka kikombe chini.

"Hawa si wagonjwa. Ni huyu alikula."

Dada wa tablet akageuka akaangalia ukuta, mabega yanatikisika kwa kicheko. Ofisa akanitazama, na mimi nikaona nikisema uongo mwingine kogo atapoteza kuku wake wote. Kwa hivyo nikasema yote: zamu, Jumapili ya nyimbo, pool, mayai kumi na tatu. Nikisema nilikuwa naangalia gambuti za lekchara, kwa sababu uso wake sikuweza.

"Kwa hivyo jaribio limeharibika," ofisa akasema.

"Limeharibika," lekchara akajibu. Hakunisukumia makosa, na angeweza. "Ilikuwa kazi yangu kukuja jioni moja nione. Sikukuja."

Hapo nilisikia vibaya kuliko kama angenitukana.

Yule dada sasa alikuwa amechukua taa, anaibeba beba na ule mpira wa baiskeli. "Huu mkono mliweka chuo?"

"Hapana," lekchara akasema. "Yetu inapigiliwa kwa ukuta."

"Na mama mwenye mabanda mawili?"

"Atanunua mbili."

"Ya nini?" kogo akauliza. "Moja niko nayo na miguu niko nayo."

Ofisa akacheka mara ya kwanza. Halafu akasema pesa ya karakana hatatoa, si kwa kitabu kama hiki. Lakini atapendekeza lekchara apewe muda arudie, kuanzia mwanzo, na huo mkono auweke kwa mchoro.

Kazi ngumu ikabaki kogo. Alikataa kabisa banda la pili likae giza tena. Lekchara akakaa naye jikoni, wakanywa chai birika nzima, wakapatana: siku jaribio linaisha, taa iende banda la pili siku hiyo hiyo, na ipelekwe na daktari mwenyewe. Taa ya kusomea nyimbo akaletewa ingine ndogo. Mimi nikapatana na nafsi yangu: kila jioni nilikaa kwa mlango wa banda mpaka watu wa pool wakasahau jina langu. Na yai sikuonja. Hata chapati mayai niliogopa.

Safari hii tofauti ilionekana, hata bila kitabu ungeiona kwa trei za mayai. Siku ya mwisho lekchara alikuja na gambuti chafu sasa, akabeba taa akaitundika banda la pili. Kogo akahakikisha, akafunga mlango, akasema sasa utafiti umeisha.

Mfuko ukatoa ile pesa kubwa. Karakana ni vyumba viwili Kericho town, nyuma ya posho mill ya kusaga unga. Mimi ndiye naweka mkono kwa kila taa kabla iingie kwa boksi, mkono wa chuma umepakwa rangi. Mwezi jana kogo alikuja kuniona kazini. Akainua moja, akaizungusha, akatembea nayo mpaka mlango na kurudi.

"Yangu ya mpira ilikuwa haitelezi," akasema.

Nikajaribu na mkono wangu uko na maji. Ni kweli inateleza. Nimemwambia lekchara, na yeye ameandika.