Dobi Aliyemfuata Ndege Ng'ambo

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, dobi alimimina chai, akakisogeza kikombe cha mumewe mbali na kopo la gundi, maana fundi viatu yule aliwahi kuchovya brashi kwenye chai. Akasimama dirishani. Akasema shomoro wanaiba nyuzi za viatu kwenda kujengea. Mumewe akajibu, "Mm." Dobi akaenda kazini. Moyo ukamsimama akiwa mbele ya meza ya pasi. Wenzake wakaizima pasi, wakaja kumwita mumewe.

Kazi yake ilikuwa kufua na kunyoosha mashuka ya nyumba ya wageni. Chumba cha pasi kilikuwa na dirisha moja, na nje yake bomba la mvuke ambalo mbayuwayu walilipenda kwa joto lake. Hapo ndipo, miaka mingi kabla ya asubuhi ile, ugonjwa wa kupenda ndege ulipomwingia. Akanunua darubini ya mtumba, akajiunga na kikundi cha watazama ndege. Siku za mapumziko walizunguka bwawa nyuma ya kiwanda, wakinong'ona kama wezi.

"Watu wazima," mumewe alimtania, "mnavizia kitu msichokila!"

Kikundi kilipopanga safari ya ng'ambo kumtafuta kigong'ota adimu, mwenye utosi mwekundu, aliyebaki katika msitu mmoja tu, dobi alisema ataenda hata kwa kutambaa. Magoti yalishaanza kumgomea. Alijua safari ya pili haipo.

"Na wewe utakuja," akamwambia mumewe. "Nani atanibebea mkoba?"

Kule msituni darubini yao ilikuwa hiyo hiyo moja, wakipokezana. Na dobi alikuwa na sheria: hakuna kuishika kabla ya kuvaa kamba shingoni. Aliyekwisha kuona shuka safi likianguka matopeni haamini mikono ya mtu.

Siku ya kuondoka ilifika na ndege hajaonekana. Alfajiri wakarudi kwenye mti ule ule mkavu. Dobi akautazama kwa darubini muda mrefu.

"Shika kidogo, baba. Mabega yameisha. Kamba kwanza!"

Mumewe akavaa kamba, akainua darubini. Ndege akatua.

Alitua mbele ya macho yake kana kwamba walikuwa na miadi. Fundi hakuthubutu kusema. Akaanza kuivua kamba ampe mkewe. Kamba ikanasa kwenye kola, akaivuta, ikakaza. Dobi akaja kumsaidia, vidole vyao vikagongana. Kikundi kikaguna kwa furaha. Dobi alipogeuka, tawi lilikuwa linacheza peke yake.

Kiongozi wa msafara akamwonea huruma. "Mama, na wewe tukuhesabu kati ya waliomwona. Ulikuwa hapa hapa."

"Mimi nihesabie tawi," alisema dobi. "Tawi nimeliona vizuri sana."

Watu wakacheka. Mumewe hakucheka. Kwenye basi la kurudi alikaa ameiweka darubini mapajani kama mtoto wa watu aliyemwangusha. Mkewe alikuwa ameegemea kioo.

Baadaye akasema, "Haya, niambie alivyokuwa."

"Alikuwa ndege."

"Wewe mwanamume! Siku ya kunichumbia ulisema mengi kuliko hayo, na sauti ilikuwa imekukauka."

Fundi akafikiri. "Mgongo mweusi. Si weusi wa rangi mbichi. Ule wa kiatu kilichopigwa brashi mpaka chenyewe kikachoka."

Mkewe akafumba macho. "Endelea."

"Utosi ni kama bitana ya vile viatu vya bibi harusi. Ukimtazama kwa mbele huoni kitu. Mpaka ainame."

"Akiinama?"

"Moto."

"Na kugonga?"

"Anagonga, anasikiliza, anasogea, anagonga tena. Kama mimi nikitafuta msumari uliozama kwenye kisigino."

Akaeleza miguu. Akaeleza mkia alivyouegemea, kama mzee na fimbo. Alipokwama, mkewe aliuliza, naye akapata neno jingine, asilojua kama analo. Walivuka mpaka wa nchi naye bado anaeleza, koo limekwaruza.

Binti yao aliwafungulia mlango. Hata mkoba haujatua chini, akauliza, "Mama, umemwona?"

Dobi akavua viatu, akanyoosha magoti kwanza.

"Mimi sikumwona. Baba yako ndiye aliyemwona, halafu akaongea njia nzima. Sasa niambie wewe, nani adimu?"