Dina wa Meno ya Juu

Watu wakinisikia namtaja Dina huniuliza kwanza, "Yule aliyemuua baba yako?" Nami huwaambia wakae chini wasikilize mpaka mwisho, ama waende zao. Aliyekufa alikuwa baba yangu mimi, Anaeli binti Eliamini. Kama kuna mtu wa kusema nani alimuua ni mimi, si hao wapiga soga wa njiani. Na mimi mwenyewe mpaka leo kichwa kinanizunguka.

Dina alikuwa mtoto wa baba mdogo. Alizaliwa huku kwetu milimani, juu ya Hedaru, siku ambazo Mwingereza alikuwa ameshakaa Same na boma lake, na sisi karibu wote tumeshabatizwa. Lakini ubatizo ni jambo moja, na meno ni jambo jingine. Kwetu Upare mtoto anatakiwa aote meno ya chini kwanza. Akianza na ya juu, huyo ni kigego, na kigego akiachwa aishi, watu wa nyumbani kwake watakufa mmoja mmoja mpaka waishe. Zamani mtoto wa namna hiyo alipelekwa kwenye mwamba, akalazwa ukingoni akiwa usingizini, na akijigeuza, basi tena.

Dina aliota ya juu. Mwezi huohuo mama yake akafa kwa homa, na watu wakasema mmeona sasa. Bibi yetu, Eliwaza, akamfunga yule mtoto mgongoni, akasimama mlangoni na mundu mkononi, akasema anayemtaka aje amchukue. Hakuja mtu. Serikali ilikuwa imeshakataza mambo ya mwambani, na wazee waliogopa kitanzi. Baba mdogo naye akateremka kwenye mashamba ya mkonge, hatukumwona tena. Ndivyo Dina alivyokuja kulelewa nyumbani kwetu.

Tulilingana umri, tukalala kitanda kimoja, tukagombania blanketi moja. Mbuzi akifa, watu walimtazama Dina. Mvua ya mawe ikipiga mahindi, walimtazama Dina. Ng'ombe wa mzee Aminiel, mkubwa wa ukoo wetu, alikufa kwa uzee, hana hata nguvu ya kufukuza nzi, lakini Aminiel aliapa kwamba Dina alipita karibu na zizi akacheka. Jamani! Mtoto akawa anafunika mdomo kwa kiganja kila akicheka, kana kwamba meno yataruka yamng'ate mtu. Siku moja tunachota maji akaniuliza, "Anaeli, mtu anaweza kuua bila kujua?"

"Twende zetu wee, mtungi unaniumiza kichwa," nikamjibu. Nilimpenda, lakini maswali yake yalinichosha.

Baba yangu hakuwa na neno naye. Alikuwa msimamizi wa ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, na kila aliporudi kutoka huko alimwita Dina kwanza, "Njoo, mama, nivue matope." Mimi nilikuwa naona wivu, sifichi.

Basi ukaja mwaka wa njaa, wakati wa ile vita ya Hitla. Mvua za vuli zilitupita, migomba ikakunjamana, maharage yakanyaukia shambani. Mama yangu, Lydia, akateremka Hedaru na kuku wetu wa mwisho, akabadilishana na Bi Saada, mama mmoja wa Kiislamu aliyeuza vyakula kando ya barabara. Alirudi na kikapu cha mihogo. Muhogo kwetu ulikuwa chakula cha watu wa nyikani huko chini, hatukuuzoea. Mama akatukusanya wote, baba akiwemo, akasema Bi Saada amemwonya kwamba mihogo hii ni michungu. Imenywe, ilowekwe, ianikwe, ndipo itwangwe unga. Asiiguse mtu kabla ya hapo.

Sasa ngoja niwaeleze kosa letu, maana ni kosa la watu wa mlimani kabisa. Sisi tukisikia kitu ni kichungu tunafikiria ulimi. Mboga zetu za porini ni chungu, dawa zetu za tumbo ni chungu, na kadiri dawa inavyokukunja uso ndivyo tunavyoisifia. Tuliposikia mihogo ni michungu tulidhani Bi Saada anatuonea huruma ya midomo. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kifo.

Siku ile kulikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua ndiva kabla maji hayajaja, kama yangekuja. Baba aliondoka alfajiri. Mama akamtuma Dina ampelekee kibuyu cha uji, na uji wenyewe ulikuwa maji tu yaliyoonyeshwa unga. Yaliyotokea huko Dina alinisimulia mimi peke yangu, migombani, huku meno yakigongana.

Baba alikuwa amechukua mihogo miwili kutoka kwenye kikapu bila mama kujua. Akamwambia Dina, "Nichomee, mama. Siwezi kubeba udongo na tumbo la uji."

Dina akasema, "Baba mkubwa, mama mkubwa amesema ni michungu."

Baba akacheka. "Mwaka huu nimekula majani ambayo hata mbuzi ameyakataa. Uchungu utanifanya nini? Choma."

Mtoto akachoma. Angefanyaje? Baba akala, akasifu, akamkatia Dina kipande. Dina akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi, akakifunga kwenye pindo la nguo yake aniletee mimi, maana alijua nimelala na njaa. Kabla jua halijainama baba alisema kichwa kinamuuma, akatapika, akaanguka na kuanza kutupa miguu. Wanaume wakamfunga kwenye machela ya miti na kumteremsha mbio. Alifika nyumbani ameshakata roho.

Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikanipotea. Kila nikikumbuka baba kalala pale mkekani, na udongo wa ndiva bado kwenye vidole vyake, najisikia kupiga kelele tena.

Wanawake walimvua Dina nguo wakalikuta lile fundo la pindoni, na kipande cha muhogo ndani. Ikawa kelele juu ya kelele. Mzee Aminiel akaja na wazee wenzake, akamsimamisha Dina katikati ya ua. Nilikuwepo, nilisikia yote.

"Ulijua huu muhogo ni mchungu?"

"Nilijua."

"Na ukamchomea baba yako mkubwa?"

"Nilimchomea."

"Wewe ukala?"

"Sikula. Nilionja tu."

"Basi umemuua."

Dina akamtazama, akanitazama mimi, akatazama chini. "Sijui," akasema.

Sijui! Hata leo nikilikumbuka neno hilo natamani kumzaba kofi kisha nimkumbatie. Sema hapana, wewe! Lakini tangu atambae ameambiwa anaua. Atajuaje kwamba safari hii siye? Na mimi nilikuwa nimevurugikiwa kuliko yeye. Nikimtazama namwona ndugu yangu aliyenibebea kipande cha chakula katika njaa. Nikigeuza macho namwona aliyechoma. Halafu nawaza, kile kipande kingenifikia mapema kidogo, nami ningekuwa mkekani. Alinipenda au alitaka kuniua? Niliwaza hivyo usiku ule, nami nimelala ubavuni kwake.

Asubuhi nikajikaza nikawaambia wazee vile alivyonisimulia, kwamba baba mwenyewe aliamuru. Mama yangu akathibitisha kwamba mihogo miwili haikuwepo kikapuni tangu asubuhi. Kisha ikafika habari bomani, akapanda askari mmoja na mganga wa serikali kutoka Same. Mganga akautazama ule muhogo, akauliza maswali mawili matatu, akasema ni sumu ya muhogo mchungu, watu wa nyika wanaijua, hapa hakuna kesi. Askari akanywa maji, wakateremka zao. Nikapumua. Nikasema moyoni, limekwisha.

Nani kasema limekwisha? Mzee Aminiel aliwasikiliza wale watu kwa heshima zote, na walipoondoka akasema, "Sawa. Ni muhogo. Lakini muhogo ni mkuki. Mkuki haujirushi. Kwa nini siku ile, kwa nini Eliamini, kwa nini mkono wa Dina?" Na watu wote wakaitikia kwa vichwa. Mbaya zaidi, nami nikajikuta naitikia.

Siku ya kumaliza matanga, siku ya kunyoa, ukoo mzima ulijaa uani kwetu. Kwa desturi wafiwa wote wananyolewa nywele, na wembe ukikupita ujue huhesabiwi tena nyumbani hapo. Shangazi alikuwa ameanza na mimi, upande mmoja wa kichwa changu umeshakuwa mweupe, Aminiel aliposimama. Akasema Dina hatanyolewa. Siku hiyohiyo atateremshwa mpaka barabarani, apande lori lolote, akamtafute baba yake huko kwenye mkonge. Baba gani? Hata jina la shamba hakuna aliyelijua. Mtoto wa kike, mwaka wa njaa, barabarani peke yake, wote tulijua maana yake. Ilikuwa ni mwambani tena, ila safari hii mwamba una magari.

Dina alikuwa ameshashika kibuyu chake. Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja kuonyeshwa njia.

Ndipo bibi akainuka. Tulidhani atachukua mundu kama zamani, lakini mikono yake ilikuwa mitupu.

"Mnamfukuza kwa sababu ya meno," akasema. "Basi mmekosea mtoto. Eliamini mwanangu, huyu mliyemzika juzi, aliota ya juu."

Shangazi akamgeukia, wembe mkononi, naye bibi akaendelea.

"Nilikwenda kwetu kujifungua, mnakumbuka. Mkaniuliza mbona sirudi. Nilikuwa nangoja ya chini yatoke, ndipo nikamleta. Mume wangu hakujua. Kigego mmeishi naye mpaka ameota mvi. Amewachimbia ndiva, mmekunywa maji ya mkono wake, amewabebea maiti zenu makaburini. Haya, nihesabieni aliowaua."

Mimi nilidhani watanyamaza kwa aibu. Mtu yeyote mwenye akili angenyamaza. Loo, hamuwajui watu! Mzee Aminiel alikaa chini polepole, akasema, "Ndiyo maana ndugu yangu alikufa kijana." Mwingine akasema, "Na ule mwaka wa nzige." Mwingine akataja mtoto wake. Wakaanza kuhesabu kweli! Kila kilio cha ukoo kwa miaka yote kikatafutiwa mahali mgongoni kwa baba yangu, na baba yangu hayupo wa kujibu. Mwishowe Aminiel akasema kwamba kumbe vigego kwa vigego wamekutana, aliyekuwa akiumaliza ukoo amekwenda, na pengine huyu mdogo ndiye aliyetufungua na mkosi. Mwacheni akae.

Watu waliokuwa wakimlia baba wakainuka mmoja mmoja wakajikung'uta vumbi. Shangazi akautazama wembe, akakitazama kichwa changu, nusu nywele nusu nyeupe, akauweka wembe chini akaondoka. Mtoto wa kigego ananyolewa na nani? Nilibaki nimekaa pale, nalia kwa hasira, sijui namlilia nani. Nilimchukia bibi siku ile. Nilimchukia kwelikweli.

Dina akaweka kibuyu chini, akaja, akaokota wembe, akalowesha kichwa changu kwa maji. Akanikata kidogo juu ya sikio. Akanimalizia upande uliobaki. Kisha akaniinamishia kichwa chake, na mimi nikamnyoa.

Dina aliishi palepale kijijini. Aliolewa na fundi seremala, akazaa watoto saba, na kila mtoto alipoanza kutokwa na udenda alimchukua pembeni na kumpapasa ufizi kwa kidole, huku ameshika pumzi. Wote waliota ya chini, na kila mara alikuja kwangu mbio kunieleza kana kwamba ni habari mpya. Alikuwa mcheshi akizoea mtu, mpishi hodari, na hakuingiza muhogo nyumbani kwake mpaka alipokufa. Kuhusu baba yangu alisema lilelile, "Sijui, Anaeli," nami niliacha kumgombeza.

Bibi alipougua, ule ugonjwa wake wa mwisho, nilikuwa mwanamke mzima. Nilikuwa namlisha uji, tuko wawili tu. Nikaona nisipouliza leo sitauliza tena.

"Bibi, niambie. Ni kweli baba aliota ya juu?"

Akameza uji, akafuta mdomo taratibu kwa mgongo wa mkono.

"Baba yako alikuwa ameshazikwa, mwanangu," akasema. "Angefukuzwa kwenda wapi?"