Siku Sinakosa Alipovua Kofia

Nakumbuka mchana tulioziba madirisha ya darasa moja huko Keza kwa mablanketi ili watu waone video. Jenereta ilikuwa inanguruma nje, shuka jeupe limetundikwa juu ya ubao, wakimbizi wamejaa hadi mlangoni. Mimi nimesimama nyuma na kitenge kipya, nasubiri kusifiwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanangu, na nilijiona nimefika.

Ile video yako ya kwenye simu uliyonionyesha jana, unapomwigiza mama muuza ndizi wa hapa Rulenge anavyochechemea, ndiyo imenirudisha kwenye darasa lile. Nilicheka, sikatai. Wewe una kipaji, na sisemi hivyo kwa sababu ni damu yangu. Lakini baada ya kucheka moyo wangu haukutulia. Weka simu chini kwanza nikusimulie.

Miaka ile ya wakimbizi vilima vyetu vya Ngara viligeuka rangi ya buluu kwa maturubai. Watu walikuwa wengi, maji machache, na kuhara kulikuwa kunaua. Shirika moja likaanzisha kikundi cha maigizo, tutengeneze video za kuwafundisha watu kuchemsha maji na kunawa mikono. Mimi, binti wa Kihangaza niliyetoka shule juzi tu, nikapewa nafasi ya mke. Mume wangu kwenye video alikuwa Mzee Laurenti, fundi cherehani aliyekimbia Burundi miaka mingi nyuma, akapata shamba na mke huko huko Keza. Huyo ndiye aliyekuwa Sinakosa.

Laiti ungemwona! Sinakosa alikuwa mtu wa kukosea kila kitu asikubali hata kimoja. Suruali ameivuta hadi kifuani, kofia ndogo kama ya mtoto. Anakunywa maji ya bwawani, tumbo linanguruma, yeye anamlaumu mbuzi wa jirani. Na hacheki hata kidogo, anaikazia macho kamera kana kwamba ndiyo iliyomkosea. Tulikwenda naye mpaka Biharamulo, na akishuka tu kwenye lori watu wanapiga kelele, "Sinakosa!" Naye anajibu kwa hasira, "Siyo mimi!" Basi watu hoi. Wakati ule watu walikuwa wamefiwa, wengine hawajui watoto wao wako wapi, na mzee yule aliwapa saa nzima ya kucheka. Mpaka leo sijaona mchekeshaji wa kumfikia.

Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kurekodi lazima aulize, "Hapa mjinga ni nani?" Jibu lisipokuwa Sinakosa, harekodi. Hakuwahi kumcheka kilema, wala mkimbizi, wala mwanamke. Alijicheka mwenyewe, basi.

Sasa kulikuwa na mkimbizi mmoja kutoka Rwanda, Mzee Ndegeya. Kila jioni, saa ya kunywesha ng'ombe, alikuja kwenye bomba la kambi, akaangalia upande wa mtoni na kuita: "Bihogo! Gaju! Sine!" Jina la nne analiita chini kwa chini, sisi hatukulishika. Anasubiri kidogo, halafu anarudi kwenye hema lake. Hao walikuwa ng'ombe wake, walibaki ng'ambo, Rwanda. Kwetu hatukuwa na ng'ombe hata mmoja, sikujua ng'ombe ni nini kwa mtu wa namna ile. Sisi wasichana tulikuwa tunamcheka mpaka tunamwaga maji.

Nikamwambia Mzee Laurenti, "Sinakosa awaite ng'ombe ambao hana: Bihogo, Gaju, Sine." Akauliza kama kawaida, "Mjinga ni nani?" Nikajibu, "Ni wewe." Akaniangalia. "Na majina haya umeyatoa wapi?" Nikasema nimeyabuni.

Alilifanya igizo lile vizuri mno. Teofili, mpiga picha wetu, alicheka hadi kamera ikatikisika. Akasema kanda hiyo inakwenda Dar es Salaam, kuna watu wa televisheni wanatafuta mchekeshaji. Mzee Laurenti alikuwa amepita miaka hamsini. Alinong'ona, "Skola, nikienda huko, hata nikifa nitakuwa nimeonekana." Alilitaka jambo lile kwa moyo wote.

Basi siku ile pale darasani Mzee Ndegeya alikuwa amekaa mbele kabisa, na wajukuu zake wawili. Sinakosa akatokea kwenye shuka, akaita, "Bihogo! Gaju! Sine!" Darasa likalipuka kwa kicheko. Watu wakaanza kumgeukia mzee, maana walimjua. Hata wajukuu walikuwa wanacheka. Mzee akainuka taratibu, akapita katikati ya watu, akatoka.

Jioni ile hakuja bombani. Kesho yake hakuja, wala kwenye foleni ya chakula hakwenda. Mjukuu wake akatuambia, "Babu amelala tu. Hali chakula."

Mzee Laurenti hakunifokea. Alisema, "Nilikuuliza mjinga ni nani, ukaniambia ni mimi. Umenifanya nimcheke mzee mwenzangu mbele ya wajukuu wake." Ningefurahi zaidi angenichapa.

Tulikwenda hemani kwa Mzee Ndegeya na kibuyu cha pombe ya ndizi na mirija miwili, kila mzee na wake, maana Sinakosa mwenyewe ndiye aliyekuwa amewakataza watu kwenye video kuchangia mrija. "Shikamoo, mzee," nikasema. Amelala, ametugeuzia mgongo. Mzee Laurenti akatoa sindano na uzi, akaanza kushona turubai lililochanika. Siku ya pili alishona tena, mimi nikachota maji. Siku ya tatu Mzee Ndegeya akasema bila kugeuka, "Umemsahau Rugondo."

"Rugondo ni nani, mzee wangu?"

"Ndama wa Gaju. Ukimwita mama bila mtoto, mama haji."

Mzee Laurenti akalia, nami nikalia. Nikapiga magoti nikasema ukweli wote. Mzee Ndegeya akaomba mrija wake.

Asubuhi iliyofuata Mzee Laurenti akamwambia Teofili, "Futa."

"Mzee, hiyo ndiyo ya kukupeleka Dar! Gari linaondoka leo na kanda nyingine sina."

"Futa, urekodi juu yake."

Tukarekodi bombani. Mzee Ndegeya alisimama mwenyewe akawaita ng'ombe wake wote wanne. Sinakosa anakuja na ndoo yake ya maji machafu, anajigamba. Anamsikia mzee. Anasimama. Anavua kile kikofia chake, ambacho hakuna aliyewahi kumwona amekivua, anasubiri mpaka mzee amalize, kisha anasema, "Nimekosa, mzee." Mchana tulipoionyesha darasani, kabla gari halijaondoka nayo, hakuna aliyecheka, na mwishoni akina mama wakapiga vigelegele. Jioni ile Mzee Ndegeya alirudi bombani, na wajukuu wakaita naye.

Watu wa Dar walisema mzee huyu hachekeshi vya kutosha, wakamchukua mwingine. Mzee Laurenti aliniambia wazi kwamba imemuuma, halafu akarudi kwenye cherehani yake. Aliendelea kuigiza mpaka kambi zikafungwa. Siku ya kumzika watu walitoka Nyakisasa, Rulenge, hadi Biharamulo. Na kila mwanamume alipofika kaburini alivua kofia.

Kwa hiyo, mwanangu, usiache kuchekesha. Ila kabla hujamwigiza mtu, nenda ukakae naye, ujue anachochechemea nacho. Na ukiuliza mjinga ni nani, hakikisha jibu ni wewe. Kesho asubuhi tutakwenda wote kwa mama muuza ndizi. Hiyo video utaifuta mbele yake, na mimi nitakusindikiza kama mzee yule alivyonisindikiza.

Mungu akupe mdomo wa kufurahisha watu na magoti mepesi ya kuomba radhi. Na uonekane, mwanangu, uonekane mbali kuliko sisi.